Jina Langu Mstari wa Kwanza

Hata kwenye mazishi yake nilimwonea Tabitha wivu. Nalisema mapema ili msomaji asitafute machozi hapa. Tulimzika shambani kwao, upande wa Moi's Bridge, mahindi yakiwa yameanza kukauka, na nilipofika nilikuta magari yameegeshwa hadi barabara kuu. Nikajiuliza, hawa wote ni wake? Mimi nimefundisha miaka mingi kuliko yeye, nimestaafu na saa ya ukutani niliyopewa na chuo, na najua kabisa siku yangu ikifika watakuja majirani, watu wa kanisa, na wale wanaokwenda kila mazishi kwa sababu ya chakula. Kwake walikuja watu wazima wenye vipara na miwani, wakubwa wa kampuni za Nairobi, wanawake waliovaa suti, na karibu nusu yao walikuwa wanafunzi wangu. Wangu, narudia. Walinisalimu vizuri, "Madam Consolata, habari ya siku nyingi," kisha wakageuka wakaendelea kumlilia yeye. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, mkoba mapajani, nikakumbuka ule mwaka mmoja tulioishi pamoja, mimi na yeye, mwishoni mwa miaka ya themanini, na nikaona kwamba wivu wangu haujazeeka hata kidogo.

Kabla yake chumba cha kompyuta kilikuwa changu. Sina neno lingine la kukieleza. Chuo chetu cha Eldoret kilikuwa kimepata mashine chache kwa harambee kubwa, zikawekwa katika stoo iliyokuwa ya cherehani za darasa la ushonaji, na hata baada ya kupakwa rangi chumba kiliendelea kunuka mafuta ya cherehani. Nilitundika mapazia mazito, nikashona vifuniko vya kompyuta kwa kitambaa kilichobaki, na picha ya Rais ikakaa juu ya ubao kama ilivyokaa kila mahali siku hizo. Ufunguo niliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Wanafunzi walivua viatu mlangoni, wakaingia na soksi zao zenye harufu, wakakaa wamekunja mikono mpaka niseme, "Washeni." Nilikuwa mwalimu kijana, sina mume, sina gari, na hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho watu walipanga foleni kukiona.

Ndani ya chumba hicho kulikuwa na kitu changu zaidi, programu ya mahindi. Niliiandika peke yangu likizo moja nzima. Unaiambia uzito wa mahindi yako na kiasi cha maji yaliyomo, nayo inakuambia yatabaki uzito gani yakishakauka vya kutosha kuingia ghalani. Leo jambo hilo ni dogo, mtoto analifanya kwa simu, lakini wakati ule mkuu wa chuo aliwaleta wageni waje waione, na wazee wakulima walisimama mbele ya ile skrini wakitikisa vichwa. Maagizo yake, yaani ile mistari inayoiambia mashine la kufanya, niliyafunga. Mwanafunzi aliweza kuitumia programu lakini hakuweza kuona ilivyoandikwa. Mama wa mandazi anakuuzia mandazi, hakufundishi kukanda unga. Nilidhani hiyo ndiyo elimu yenyewe: mimi najua, wewe hujui, basi kaa chini.

Tabitha alikuja mwanzo wa muhula na mkoba mmoja, kibuyu cha mursik, na mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa disketi. Alikuwa amesoma ng'ambo. Chuo kikampa nusu ya nyumba yangu ya mtaa wa Pioneer, nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili vya kulala, sebule moja, na jikoni ambamo watu wawili hawapishani bila kuombana msamaha. Jioni ile ya kwanza nilipika ugali na sukuma, naye akamimina mursik yake, yale maziwa yaliyolala kibuyuni, kwenye vikombe vyangu vya wageni bila kuuliza. Kisha akafungua mkebe wake pale pale mezani na kunionyesha. Zilikuwa programu alizotumiwa na marafiki wa huko alikosoma, na kila moja ilikuja na maagizo yake yote wazi. Ruhusa yake ilikuwa kusoma, kubadilisha na kumpa mwenzako, na sharti lilikuwa moja tu, usimfungie mwingine ulichofunguliwa wewe. Siku hizi jambo hili lina jina, programu huria, na vijana wanapata kazi nzuri kwa ajili yake. Mimi siku ile nililiona kama mtu anayeacha mlango wa boma wazi usiku.

"Sasa huyu aliyeandika anapata nini?" nilimuuliza.

"Anapata watu wa kumrekebishia."

"Na pesa?"

"Consolata, wewe uliandika ile ya mahindi ukalipwa pesa ngapi?"

Nilimwongezea ugali ili anyamaze.

Mkuu wa chuo alitugawia siku, na kwa siku zake Tabitha alivunja kila sheria yangu. Viatu havikuvuliwa, aliweka gunia lililoloa maji mlangoni, watu wakapangusa wakaingia. Mapazia yakafunguliwa. Halafu akaanza ile desturi yake. Kila mwanafunzi aliandika programu yake ndogo, kisha wote wakasimama, wakahamia mashine ya jirani, kila mmoja akarekebisha kazi ya mwenzake na kuandika jina lake juu kabisa, chini ya jina la mwenyewe. Mara ya kwanza darasa liliogopa. Kugusa kazi ya mtu? Ndipo Sila akasema, "Aah, kumbe ni harambee! Kila mtu anatoa chake, halafu jina linasomwa." Darasa zima likacheka na hofu ikaisha. Sila alikuwa kijana mrefu wa mtaa wa Langas, mwanafunzi wangu bora kuliko wote, mtu niliyemfundisha kuwasha mashine kwa mikono yangu hii. Niliposikia kwamba amelielewa somo la Tabitha kwa dakika moja nilihisi kama mtu aliyemnyonyesha mtoto halafu akamsikia akimwita jirani mama.

Wakaanza kuja nyumbani Jumamosi mchana. Walipita sebuleni, "Hujambo Madam," moja kwa moja hadi chumba cha Tabitha, wakakaa kitandani, sakafuni, dirishani, wakisoma karatasi zilizochapwa maagizo ya programu za watu wasiowajua. Nami nilikuwa jikoni, ukuta mmoja katikati, nikiyasikia yote. Kulikuwa na Mzungu fulani wa huko ng'ambo ambaye programu yake walikuwa wakiirekebisha, na walimwita "mzee wetu." Mzee wao! Mimi niliyekuwa hapa hapa, ninayepumua, sikuwa mzee wa mtu yeyote. Jumamosi moja niliamua kupigana kwa silaha nilizonazo. Nikakanda unga, nikapika chapati na maharagwe yenye dania, harufu ikajaa nyumba, nikawaita. Walikuja wote mbio. Walikula, wakasifu, wakalamba vidole. Kisha Sila akasema, "Asante sana Madam, Mungu akubariki," na wakarudi wote chumbani kwake wakafunga mlango. Nilibaki na masufuria, na Tabitha mwenyewe ndiye aliyekula nyingi kuliko wote.

Nikiosha vyombo hivyo ndipo nilipomsikia Sila, sauti yake ikipenya ukutani. "Unajua, kwa Madam Consolata tulijifunza kuogopa machine. Hapa ndio tunaizoea."

Nilingoja Tabitha anitetee. Akasema, "Ile program yake ya mahindi ni safi. Hakuna mtu hapa anaweza kuanza kitu kama hiyo kutoka zero. Hata mimi."

"Sasa mbona ameifunga?"

"Muulizeni yeye."

Hawakuniuliza. Aliniuliza Tabitha, jioni hiyo hiyo, amesimama mlangoni pa jikoni na kikombe cha chai. Alitaka niifungue darasa liifanyie kazi. Nilimwambia ile ni yangu. Akasema, "Nikichukua kuku wako, Consolata, utalala bila kuku. Lakini nikichukua hii, bado uko nayo." Nikamwambia hiyo ni hesabu ya mtu ambaye hajawahi kufuga. Lakini neno lake liliniwasha. Si lile la kuku; lile la ukutani, kwamba hata yeye hawezi. Na pia nilifikiria majina. Darasa zima lilikuwa likiandika majina chini ya jina la Mzungu. Kwa nini wasiandike chini ya langu? Wiki iliyofuata nikaifungua. Mstari wa kwanza kabisa, juu ya kila kitu, niliandika: Consolata alianzisha. Wivu ndio uliofungua mlango ule, na haukuwa moyo mwema, ingawa nimesikia watu wakiusifu moyo wangu kwa ajili hiyo nami sikuwakatiza.

Waliitengeneza, lazima nikubali. Mmoja aliongeza mtama, mwingine akapanga skrini vizuri, Sila akairekebisha huku na huku mpaka ikawa inaenda haraka. Na majina yakashuka chini ya langu, moja baada ya jingine, nami nikawa ninayasoma asubuhi kabla ya darasa nikijisikia kama mgeni wa heshima. Shida ni kwamba watu wetu wakielewa kitu kuwa ni harambee, watakifanya kiwe harambee kwelikweli. Msichana mmoja akaongeza jina la mjomba wake aliyemlipia karo, kwa sababu bila mjomba angerekebisha nini? Mwingine akamweka pasta aliyewaombea mtihani. Tabitha akacheka tu: "Kama amesaidia, amesaidia." Muda si muda kukawa na chifu, na mwenyekiti wa wazazi, na mama wa kantini. Halafu ikatangazwa siku ya wageni, Mheshimiwa mwenyewe, mbunge wetu, aje aone mashine zilizonunuliwa kwa harambee yake, na mkuu wa chuo aliposikia kwamba kuna majina ndani ya kompyuta, mchana wa siku ya mwisho akaagiza kamati yote ya harambee iingizwe, kila mtu na cheo chake kirefu, Mheshimiwa akiongoza. Wanafunzi wakachapa mpaka jioni. Hakuna aliyekumbuka kuijaribu tena programu.

Mashine zile zilikuwa na nafasi ndogo sana ndani. Kila neno lilikula nafasi, hata jina la mama wa kantini. Asubuhi ya wageni, tukisikia kwaya imeshaanza uwanjani na magari yakiingia, Sila aliiendesha programu ya mahindi kwa mara ya kwanza tangu majina yale yaingie. Ikagoma. Ikaandika kwamba nafasi imejaa. Akajaribu tena, ikaandika vilevile. Mimi nilitokwa na jasho, maana mkuu wa chuo alikuwa amesema wazi kwamba mwaka ule idara ya kompyuta itapata mkubwa wake, mimi au Tabitha, na kwamba atatazama siku hii.

"Toeni majina," nikasema.

Hakuna aliyesogea. Wasiokuwako wakati ule hawawezi kuelewa. Nchi ilikuwa na chama kimoja na masikio mengi, na kufuta jina la mkubwa, hata kwenye mashine, halikuwa jambo la kufanya mbele ya watu.

"Madam, jina la Mheshimiwa?" Sila akasema, ameinua mikono kutoka kwenye kibodi kama amegusa jiko. "Mimi sitaki maneno. Nitoe ya wanafunzi tu?"

"Wanafunzi ndio wamefanya kazi," Tabitha akasema. "Ukitoa yao uache ya wakubwa, mimi nitakuwa nimewafundisha nini mwaka mzima? Simama." Akakaa mwenyewe. "Nyinyi majina yenu mko nayo kwa disketi zenu. Hapa yanatoka yote." Na akafuta. Mjomba, pasta, chifu, kamati, mkuu wa chuo, Mheshimiwa, wanafunzi, na jina lake mwenyewe. Sila aliinama begani mwake wakanong'onezana kitu ambacho sikukisikia, kwa sababu nilikuwa dirishani nikitazama wageni wakija. Nilipogeuka programu ilikuwa inafanya kazi, na Mheshimiwa alikuwa akipangusa viatu kwenye gunia.

Akaingiza mahindi ya shamba lake, mashine ikamjibu, akafurahi sana. Ndipo mkuu wa chuo, akitaka kuongeza sukari kwenye chai, akasema, "Na jina lako liko humo ndani, Mheshimiwa." Mheshimiwa akasema, "Hebu nilione." Tabitha akaita mistari ya mwanzo. Likatokea jina moja, peke yake kwenye skrini. Consolata alianzisha.

"Langu liko wapi?"

"Lilikuwako, Mheshimiwa," Tabitha akasema. "Nimelitoa ili mahindi yako yapate kuingia."

Kuna mtu alicheka nyuma, kisha akajuta. Mheshimiwa alitabasamu kwa mdomo bila macho. Akauliza, "Consolata ni nani?" na mimi, Mungu ananijua, nilikuwa nimeshapiga hatua mbele. Akanipa mkono. Kabla ya muhula kwisha idara ikawa yangu, na Tabitha akapata barua ya uhamisho, kwenda shule ya mbali ambayo haikuwa na stima, sembuse kompyuta.

Jioni yake ya mwisho nilipika chapati tena. Alikuwa anafunga mkebe wake kwa kamba. Nilimuuliza, sikuweza kujizuia, "Kwa nini uliacha jina langu?" Akasema, "Kula, zinapoa." Basi. Huyo ndiye Tabitha; hata jibu aliondoka nalo.

Ilinibidi nijitafutie jibu mwenyewe, na nililipata upesi. Katika programu za siku hizo kila mstari una namba, na mstari wa mwisho wa programu yangu uliiambia mashine irudi kwenye mstari wa kwanza, ianze upya kwa mkulima mwingine. Ukifuta mstari wa kwanza, mashine ikifika mwisho haina pa kurudi, inakwama mbele ya wageni. Na mstari wa kwanza ulikuwa na jina langu. Kwa hiyo alilazimika kuliacha. Nilifurahi sana kwa ugunduzi huo. Haukuwa wema, ilikuwa lazima tu, na mtu hamdai mwenzake shukrani kwa jambo la lazima. Nimeegemea neno hilo maisha yangu yote. Nililihitaji, kwa sababu Tabitha hakunipumzisha hata alipokuwa mbali. Wanafunzi walianza kunijia kutoka ile shule isiyo na stima, wakiwa wamefundishwa naye kwa karatasi na kalamu, wakihama dawati hadi dawati na kurekebishana, na walipogusa mashine yangu kwa mara ya kwanza waliizoea kwa siku moja. Wakaniuliza, "Madam, ni wewe ulianzisha ile ya mahindi? Teacher Tabitha alituambia." Na mimi nikiwa na ufunguo, idara, na kiti cha ofisi chenye magurudumu, nikawaonea wivu wale waliokuwa wamekaa naye kwenye dawati la mbao.

Chini ya turubai, baada ya hotuba, Sila alikuja kukaa karibu nami. Ana mvi sasa, na kampuni yake mwenyewe. Akatoa simu akanionyesha. Aliwahi kuinakili tena programu ya mahindi kutoka disketi zake za zamani, akaiweka mahali pa wazi kwenye mtandao, na watu wa nchi nisizozijua bado wanaichezea. Ilikuwa ile ya siku ya wageni. Jina langu juu, peke yake, kisha kazi.

"Aliacha langu kwa sababu mashine ingekwama," nikamwambia. Nililisema kwa urahisi, nimelisema moyoni mara nyingi. "Mstari wa mwisho ulikuwa unarudi pale."

Sila akanitazama. "Hapana, Madam. Hiyo mimi nilibadilisha zamani, tukiwa tunaifanya iende haraka. Ilikuwa inarudi kwa ule mstari wa swali. Jina lako lingetoka na hakuna kitu kingeharibika. Mimi nilimwambia siku ile, nikiwa nimesimama nyuma yake, 'Teacher, hiyo pia inaweza kutoka.' Akaniambia, 'Hiyo iache. Huyo ndiye alianza.'"

Nilitazama mahindi. Watu walikuwa wameshaanza kutupia udongo kaburini, na kila mtu alitaka kutupa konzi yake. Miaka yote hiyo nilikuwa na ngao moja tu dhidi ya mwanamke yule, na kijana niliyemfundisha kuwasha mashine amekuja kuninyang'anya siku ya kumzika, kwa upole, akidhani ananipa zawadi. Alijua kwamba jina langu peke yake litanipa idara. Alijua yeye litampeleka wapi. Na kisha akala chapati zangu akanyamaza. Hata wema alinizidi, tena mahali ambapo siwezi kumfikia nikamwambia lolote.

"Jina lake halimo," nikasema.

"Alilitoa siku ile. Mimi niliogopa kurudisha bila ruhusa. Ni program yako."

"Lirudishe."

Sila akaweka kidole kwenye simu, akangoja. "Niliweke wapi, Madam? Juu yako?"

Nilifikiria. Nilifikiria kwelikweli, mbele ya kaburi lililo wazi.

"Hapana," nikamwambia. "Chini yangu. Lakini pasiwe na mtu katikati."